Tangi la Samaki Lianze na Mimea

Mwaka 1850 mkemia wa London aitwaye Robert Warington aliwaeleza wanakemia wenzake habari za jaribio lisilo na makuu. Alichukua chombo cha kioo cha galoni 12 hivi, karibu lita 54, akakitia maji ya chemchemi hadi nusu, akaweka mchanga, matope na mawe chini, akapanda valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu membamba, kisha akatia samaki wawili wa dhahabu. Mdomo wa chombo aliufunika kwa kitambaa chepesi ili masizi ya jiji yasiingie. Hapakuwa na pampu wala kichujio. Mambo yalikwenda vizuri kwa muda, halafu majani yaliyokufa yakaanza kuoza, maji yakachafuka na ukoga wa kijani ukatanda. Badala ya kumwaga yote na kuanza upya, Warington aliongeza konokono wachache wa bwawani. Konokono wakala uozo, maji yakatakata, na mayai yao yakawa chakula cha samaki.

Wengi wanaofuga samaki wa mapambo leo hufuata mpangilio ulio kinyume. Tangi hununuliwa asubuhi, samaki hutiwa mchana, na mimea, ikikumbukwa, huwa vishina viwili vitatu vilivyochomekwa kwenye kokoto za rangi. Wiki chache baadaye vishina vimeoza, kioo kimeota ukoga, na mwenye tangi anarudi dukani kununua majani ya plastiki. Husemwa kwamba hana mkono wa kupanda. Mara nyingi mkono hauna hatia: mimea ilikuwa michache mno, ililetwa ikiwa imechelewa, na haikuchaguliwa kwa kufuata maji, mwanga na joto la nyumba ile.

Iko njia ya gharama. Takashi Amano, mpiga picha wa Japani, aliifanya bustani ya majini kuwa sanaa, na mwaka 2015, miezi michache kabla hajafariki, alikamilisha kwenye Oceanário ya Lisbon tangi lenye urefu wa mita 40 na lita 160,000 za maji. Mtindo wake kwa kawaida hutaka taa kali, mitungi ya hewa ya ukaa na mbolea inayopimwa kwa uangalifu. Njia ya pili ilielezwa na Mmarekani Diana Walstad katika kitabu chake cha mwaka 1999, Ecology of the Planted Aquarium, nayo haiko mbali na ya Warington: udongo wa kawaida, mwanga wa wastani, mimea mingi, samaki wachache. Kwa mtu wa Mbagala, Kisumu au Bujumbura, ambaye umeme hukatika bila taarifa na mtungi wa gesi una kazi nyingine jikoni, njia hii ya pili ndiyo inayolipa.

Kuyajua maji ya nyumbani

Kabla ya kununua hata jani moja, anayeanza ayajue maji yake, kwa sababu si maji yote ni sawa hata ndani ya mji mmoja. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, linalokinga mito itokayo milima ya Aberdare. Hayo ni maji laini. Unguja na sehemu nyingi za mwambao, maji ya visima hupenya kwenye mawe ya matumbawe yakatoka yamebeba chokaa. Hayo ni maji magumu. Dar es Salaam nyumba moja hupata bombani maji ya mto Ruvu, na jirani yake anachota kisima chenye ladha ya chumvi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Sabuni ya kipande isiyotoa povu kwa urahisi, na utando mweupe mgumu ndani ya birika, ni ushahidi wa maji magumu. Ladha ya chumvi ni jambo jingine kabisa: maji ya kisima yaliyo na chumvi ya kuonjeka yaachwe, maana mimea mingi ya maji baridi haiyavumilii. Mwenye maji magumu mno anaweza kuyachanganya na ya mvua, nusu kwa nusu, mradi ya mvua yakingwe baada ya paa kuoshwa na mvua za mwanzo.

Maji ya bomba yana klorini. Yakikaa kwenye ndoo iliyo wazi kwa siku nzima, klorini huondoka. Pale ambapo mamlaka ya maji hutumia kloramini, kuyaacha wazi hakutoshi. Hapo zinahitajika matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo.

Ugumu wa maji haumfungii mtu mlango, bali humwonyesha mmea wa kuchukua. Valisneria huota kwenye maziwa yetu makuu, na Tanganyika, ambamo pH hukaribia 9, ni mojawapo. Mmea huu una uwezo wa kuchota kaboni kutoka kwenye bikabonati iliyomo katika maji magumu, jambo ambalo mimea mingi ya maji laini haiwezi. Kwa hiyo aliyejaliwa kisima cha matumbawe na aliyejaliwa bomba la Ndakaini wote wana bustani yao. Wasinunue tu kwa orodha moja.

Kioo, udongo na mchanga

Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 hubeba lita 54, sawa na chombo cha Warington kingejazwa pomoni, na ni ukubwa mzuri wa kuanzia. Tangi dogo zaidi huonekana jepesi kutunza, kumbe joto na uchafu hubadilika ndani yake kwa haraka. Likijazwa maji, udongo na mchanga, tangi hili huzidi kilo 60 kwa mbali, hivyo meza yake isiwe ya kutikisika, na chini ya kioo litandikwe sponji jembamba ili uzito usikae pembe moja. Mafundi wengi wa vioo na aluminiamu hutengeneza matangi kwa oda. La kuwauliza ni silikoni watakayotumia: ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia kuvu ina sumu kwa samaki.

Udongo unaofaa ni ule wa juu wa shambani au bustanini, usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani. Samadi mbichi humwaga amonia majini na kuua kila kiumbe. Udongo uchekechwe kuondoa mizizi na vijiti, kisha utandazwe kwa unene wa sentimita 2 hadi 3. Juu yake huja mchanga wa mto wenye chembe nene kidogo, uliooshwa mpaka maji yake yawe maangavu, nao pia kwa sentimita 2 hadi 3. Tabaka zikizidi hapo, hewa haifiki chini, na siku mchanga ukiguswa hutoka mapovu yanayonuka yai viza.

Mchanga nao una siri yake. Kiganja kimoja kiwekwe kwenye kisahani, kidondoshewe siki au ndimu, kisha mtu ainame asikilize. Ukichemka kwa vipovu vidogo na mlio hafifu, umo ndani vipande vya makombe au mawe ya chokaa vitakavyoendelea kuyafanya maji kuwa magumu. Mchanga wa pwani hufeli kipimo hiki karibu kila mara, tena una chumvi, uachwe ufukweni.

Mwanga: kosa la ukarimu

Karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na hapo ndipo wengi huponzwa. Tangi lililowekwa dirishani hupata jua kali kuliko linavyoweza kutumia, na mwani, usiohitaji mizizi wala subira, hutangulia kujipatia chakula. Mmea wa nchi kavu hupata hewa ya ukaa kwa wepesi. Ndani ya maji hewa hiyo husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko angani. Mwanga ukiwa mwingi na kaboni ikiwa chache, mmea husimama, ukoga ukaendelea.

Kwa tangi la lita 54 lisilo na mtungi wa hewa ya ukaa, balbu moja ya LED ya wati 9, yenye lumeni 800 hivi na mwanga mweupe wa kelvini 6,500, inatosha; tarakimu hizo huandikwa kwenye boksi. Iwake saa 6 hadi 8 kwa siku, isizidi. Walstad anapendekeza mapumziko ya saa kadhaa katikati ya mchana ili hewa ya ukaa itokayo kwenye udongo na samaki ijirundike tena. Utaratibu huo unamfaa mfanyakazi: taa huwaka asubuhi kabla hajatoka na jioni akiwa amerudi, na swichi yenye saa hufanya kazi hiyo bila kusahau.

Mimea ikifanya kazi huonekana. Daktari wa Kiholanzi Jan Ingenhousz aliandika mwaka 1779 kwamba majani yaliyozamishwa majini hutoa vipovu yakiwa juani, na vipovu hukoma gizani. Vipovu hivyo ni oksijeni. Usiku hali hugeuka: mimea haitoi tena oksijeni, nayo huitumia pamoja na samaki. Maji ya nyuzi 20 za Selsiasi hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30, joto la kawaida mjini Mombasa, hubeba 7.5 tu. Samaki wakionekana alfajiri wamejipanga juu wakipumulia midomo usawa wa maji, wamezidi idadi. Tangi lenye samaki wachache hustahimili umeme kukatika usiku kucha. Lililosongamana halistahimili, hata likiwa na mimea ya kutosha.

Kifaa cha kupasha maji joto hakina kazi mwambaoni. Nairobi, Arusha au Mbeya wakati wa baridi ya Julai kinaweza kuhitajika, kwani mimea na samaki wengi wa kitropiki hupendelea nyuzi 22 hadi 28.

Mimea minne ya kuanzia

Ya kwanza ni anubiasi, mzaliwa wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, Kameruni, Gaboni na Kongo zikiwemo. Majani yake ni magumu kiasi kwamba hata samaki wanaotafuna mimea huyapita. Hukua polepole, hutosheka na mwanga hafifu, na huishi katika maji laini na magumu. Kinachoiua ni kuzikwa. Shina lake nene hulala kimlalo; likifukiwa huoza. Hufungwa kwa uzi wa kushonea juu ya jiwe au gogo, na baada ya miezi michache mizizi hushika yenyewe.

Ya pili ni kangaga la Java, linalofungwa vivyo hivyo. Madoa meusi chini ya majani yake makuukuu mara nyingi si ugonjwa. Ni mahali vinapochipua vitoto, ambavyo hubanduliwa na kufungwa pengine.

Ya tatu ni valisneria, na hii hupandwa kwenye udongo. Mizizi mirefu hupunguzwa kwa mkasi ibaki sentimita 3 au 4, mmea huchomekwa kwa kidole mpaka umezama, halafu huvutwa juu taratibu hadi shingo nyeupe, pale majani yanapokutana na mizizi, ionekane juu ya mchanga. Shingo ikibaki chini, moyo wa mmea huoza. Ikishakubali, hutambaza vikonyo chini ya mchanga na kuzaa miche kwa mstari.

Ya nne ni honiwoti, isiyo na mizizi kabisa. Huachwa ielee. Hula amonia moja kwa moja, hukua upesi, na hutia kivuli kinachounyima mwani mwanga. Katika mwezi wa kwanza hakuna mmea unaomsaidia mwenye tangi kuliko huu.

Wingi ndio siri. Siku ya kwanza mimea ifunike angalau nusu ya eneo la chini. Fedha iliyotengwa kwa samaki sita na vishina vitatu ipinduliwe: vishina vingi, samaki baadaye. Kisha asishtuke mtu majani yakinyauka baada ya wiki moja au mbili. Mimea mingi ya dukani hukuzwa vitaluni majani yakiwa nje ya maji. Ikizamishwa, majani yale hufa na mapya yaliyozoea maji huchipua. La kutazama ni shina: likiwa gumu, mmea u hai. Yaliyokufa hukatwa na kutolewa.

Ipo tamaa ya kwenda kujichotea mimea ziwani au kwenye mabwawa. Ifikiriwe mara mbili. Kingo zenye majani ndimo wanamoishi konokono wa Biomphalaria na Bulinus, wanaoeneza kichocho, na kimelea chake hupenya ngozi ya anayeingia majini. Pamoja na mmea huja pia ruba na mabuu ya kereng'ende, ambao huwala samaki wadogo. Kwa sababu hiyohiyo, konokono wa kazi aliyoitaka Warington watolewe kwenye tangi la mfugaji mwingine, si ziwani. Mimea ya dukani nayo hubeba mayai ya konokono. Migumu, yaani anubiasi na kangaga, huweza kutumbukizwa kwa dakika mbili kwenye jiki isiyo na manukato, sehemu moja kwa 19 za maji, kisha ikasuuzwa vizuri. Valisneria na honiwoti haziiwezi dawa hiyo. Hizo zisuuzwe na kukaguliwa jani kwa jani.

Wiki sita za kwanza

Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa, na mimea huila. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Mimea mingi inayokua hupunguza hatari kwa kuinyonya amonia kabla haijafika mbali, lakini haiondoi haja ya kungoja.

Tatizo la kungoja katika nchi za joto ni mbu. Tangi wazi lisilo na samaki huwa na viluwiluwi ndani ya siku chache, na mbu wa homa ya dengi hupenda hasa vyombo vya maji safi vya nyumbani. Ama tangi lifunikwe kwa wavu mpaka samaki waje, au, mimea ikishaanza kutoa majani mapya na kipimo cha amonia kikionyesha sifuri, watiwe gapi wawili watatu wa kiume. Watavila viluwiluwi vyote. Madume peke yake, kwa kuwa gapi wakichanganywa huzaana kupita uwezo wa tangi.

Wengine huongezwa wachache wachache. Samaki wa dhahabu, ingawa Warington aliwatumia, hukua wakawa wakubwa na hufukua mimea. Tangi la lita 54 si lao. Perege na jamaa zake pia hawafai. Chakula kiwe kile kinachoisha ndani ya dakika mbili, mara moja kwa siku. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki katika miezi miwili ya mwanzo. Baadaye, tangi likitulia, inaweza kuwa kila baada ya wiki mbili au zaidi.

Ukoga utakuja, na siku ya kuja kwake si siku ya kununua dawa. Saa za taa zipunguzwe kwa saa mbili, chakula kipunguzwe, honiwoti iongezwe, kioo kifutwe kwa kadi ya zamani ya simu au ya benki. Majani nayo huzungumza. Yakianza kugeuka njano yale ya zamani, naitrojeni ni haba, jambo la nadra penye samaki. Vitobo vidogo kwenye majani makuukuu huashiria upungufu wa potasiamu. Majani machanga yakitoka yamepauka huku mishipa ikibaki kijani, kinachokosekana ni madini ya chuma, hasa katika maji magumu. Mbolea ya maji ya akwariamu, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa wiki, huziba mapengo hayo. Ile ya mahindi isisogezwe karibu.

Mabaki yasiende mtoni

Miezi mitatu au minne baadaye kazi hugeuka: mimea inakuwa mingi, na kupogoa kunakuwa kwa kila wiki mbili. Hapa pana wajibu usioishia sebuleni. Gugu maji, lenye asili ya Amerika Kusini, lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Liliripotiwa Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 liliziba ghuba na bandari, Kisumu, Mwanza na Port Bell zikiwemo, mpaka wadudu maalumu waliotoka huko kwao wakazalishwa na kuachiwa walile. Gugu hilo lisiingie kwenye tangi wala kwenye karo la uani, hata likitolewa bure. Na mmea wowote unaokatwa, hata wa asili ya Afrika, usitupwe mtoni, mtaroni wala bwawani. Uanikwe juani mpaka ukauke kabisa, ndipo uwekwe kwenye shina la mgomba au mpapai.

Vipande vizuri vina wateja. Mimea ya majini husafiri vyema ikiwa na unyevu kuliko ikielea: hufungwa kwenye gazeti lililoloweshwa, ikawekwa ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na jua, na hivyo anubiasi au valisneria hutoka Dar es Salaam kwa basi hadi Dodoma ikiwa salama. Juu ya kopo mtumaji aandike jina la mmea, siku uliyokatwa, na kama ulikuzwa kwa maji ya bomba au ya kisima, ili mpokeaji ajue kama ya kwake yanafanana.